Taa Ambayo Mama Hakuiona

Wewe unayenisikiliza, hebu kaa kwenye kiti cha dereva, nami nitakaa hapa pembeni yako. Usiwashe injini bado. Zungusha ufunguo nusu tu, kisha tazama mbele yako. Umeona taa zinavyowaka zote kwa pamoja? Usishtuke. Gari linajikagua, kama mwalimu anavyoita majina asubuhi kabla hajaanza kufundisha. Ukiwasha injini, zinazimika moja baada ya nyingine. Kati yao ipo moja ya njano, ina mchoro wa kagari kadogo na mistari miwili iliyopindapinda nyuma yake. Hiyo ndiyo ninayotaka kukueleza. Nitakwenda taratibu, kwa sababu mimi nilielezwa nikiwa natetemeka, na mtu anayetetemeka hashiki kitu.

Kila gurudumu la gari la siku hizi lina kidude kidogo kinachohesabu mizunguko yake. Mafundi wanakiita sensa. Hesabu za magurudumu yote manne zinakwenda kwenye kompyuta ya gari, nayo inazilinganisha muda wote. Ukiingia kwenye matope na gurudumu moja likaanza kuzunguka ovyo bila kusogeza gari, kompyuta inaona hesabu ya gurudumu lile imezidi za wenzake. Inalibana breki hilo peke yake, na inapunguza nguvu ya injini mpaka litulie. Wakati huo ile taa inapepesa. Ikipepesa kwenye matope, unasaidiwa. Ikibaki imewaka bila kupepesa, mfumo umeshindwa kuelewa kinachoendelea na umejitoa kazini. Ukishika hayo mawili tu, tayari unajua zaidi ya nilivyojua mimi siku niliyokwenda kumchukua mama.

Nafundisha shule ya msingi, na naishi Nyamiaga, karibu na mji wa Ngara. Mama anaishi Bisibo, upande wa Biharamulo, kwenye shamba alilolilima tangu mimi sijazaliwa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakufa kwa presha ya macho, na daktari alisema halirudi. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, linaona mwanga na vivuli, basi. Mimi alinitambua kwa sauti na kwa hatua. Kisha tukasikia madaktari wa macho wanakuja hospitali ya huku kwetu kufanya upasuaji kwa siku tatu. Jina la mama liliandikwa kwenye siku ya tatu, ya mwisho. Muuguzi aliniambia waziwazi, "Madam, mfikishe kabla ya saa nane mchana. Baada ya hapo wanafunga vyombo vyao, na hatujui watarudi lini."

Jicho moja lililobaki, na siku moja. Hofu hiyo nilikuwa nayo hata kabla gari halijaongeza ya kwake.

Taa ilikuwa imeanza kuwaka wiki moja kabla. Nilifanya yale ambayo hata wewe nakushauri uanze nayo, kwa sababu ni mepesi. Niliangalia swichi yenye mchoro uleule, pale chini ya usukani, nione kama goti langu limeibonyeza kwa bahati mbaya. Halikuwa limeibonyeza. Nikafungua boneti nikashika vichwa vya betri, maana betri ikilegea taa nyingine huwaka bila sababu. Vilikuwa visafi na vimekaza. Nikapeleka gari kwa fundi wa Ngara. Akafungua magurudumu yote, akatoa sensa moja moja, akazifuta huu udongo wetu mwekundu unaonata, akapitisha vidole kwenye nyaya kuona kama kuna uliokatika. Taa ikazimika. Nikaendesha mjini siku mbili, haikuwaka. Nikamsifia fundi. Kumbe mjini huwa siendi kasi.

Nilipotoka Ngara kwenda Bisibo, taa ikawaka tena juu ya lami kavu. Nilipoingia njia ya vumbi ya kwenda kwa mama, niliegesha kununua sukari, na nilipowasha tena ikawa imezimika. Nikajifariji kwamba ni taa ya utelezi, na leo hakuna utelezi, basi itanidhuru nini? Naomba ukumbuke hiyo sentensi. Watu wengi wanaisema wakiwa wamekaa hapo ulipokaa wewe.

Asubuhi yake, kabla jua halijapanda, mama alikuwa ameshasimamisha mzigo mlangoni. Gunia la mihogo mikavu, debe la maharage, mikungu miwili ya ndizi, na jogoo aliyefungwa miguu.

"Mama, yote haya ya nini? Tunakwenda hospitali."

"Nitakaa kwako wiki nzima nimefungwa jicho. Nitakula nini? Chaki?"

Kwetu hukatai. Ukikataa hata kimoja, umemwambia mzazi kwamba shamba lake halitoshi. Nikapakia vyote. Mama akakaa mbele, akaubana mfuko wenye karatasi za hospitali kifuani, na jogoo akawekwa miguuni pake.

Njia ya vumbi tulikwenda vizuri. Tulipofika kwenye lami nikaongeza mwendo, na haikupita muda taa ikaanza kupepesa. Chini ya miguu yangu kukatoka mlio, *krrr*, kama mtu anayekwaruza sufuria, na usukani ukavuta kidogo kushoto, kisha ukaachia.

"Nini hicho?" mama akauliza.

"Barabara mbovu."

"Barabara mbovu inarusha matako. Hapa ni laini. Nini hicho?"

"Ni kawaida yake, mama."

Nakwambia hili kwa aibu. Abiria mwingine yeyote angeinama akaitazama ile taa, akaniuliza. Mama hakuweza kuiona. Nilitumia kutokuona kwake ili nisijibu swali.

Tulipita Lusahunga. Kabla ya Nyakahura kuna sehemu barabara inapanda kwa muda mrefu. Nyuma yangu kulikuwa na lori la kubeba mafuta, refu, linaelekea mpakani, na dereva wake alikuwa amechukua kasi kutoka bondeni kama wanavyofanya wote, kwa sababu wakishapoteza kasi kilima kinawashinda. Nikakanyaga mafuta ili niendelee mbele yake. Injini haikuitikia. Nikakanyaga mpaka chini, na gari likazidi kulegea, mlio *krrr, krrr*, usukani ukivuta upande, na kwenye kioo sikuona tena barabara wala miti. Niliona bati la mbele la lori tu, limejaa kioo kizima.

Honi yake ikalia ndefu. Nikakata kushoto, magurudumu mawili yakashuka kwenye changarawe. Lori likatupita karibu kiasi kwamba upepo wake uliliyumbisha gari letu.

"Mawe!" mama akapiga kelele. Ndivyo anavyomwita mama yake mzazi akiogopa, ingawa bibi alishafariki miaka mingi. Jogoo alikuwa anapiga mabawa kwenye miguu yake. Karatasi za hospitali zilikuwa zimemwagika chini naye anazitafuta kwa kupapasa.

"Tumegonga?"

"Hatujagonga."

"Tangu tuingie lami hujapumua sawasawa. Mimi nasikia. Gari lina nini?"

"Mama, tufike Nyakahura kwanza."

Tulifika tukitambaa, magari yote yanatupita. Taa sasa haikupepesa tena. Ilikuwa imewaka moja kwa moja. Nilisimama kando ya soko, mbele ya kibanda cha kuziba matairi, nikazima injini. Ilikuwa saa nne kasoro. Mbele yetu kulikuwa na ule msitu mrefu wa kwenda Ngara, wenye milima na miteremko, ambako huwezi kutambaa wala kusimama ovyo, na malori ni yaleyale.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa anakula ndizi choma pale akachungulia dirishani kwangu kabla sijamwita. "Aa, madam, ya njano hiyo. Njano siyo tatizo. Nyekundu ndiyo tatizo. Bandika plasta juu yake, songa mbele."

"Wewe pikipiki yako haina taa hata ya mbele," muuza ndizi akamrukia, "leo unafundisha watu taa?"

"Mimi naona kwa macho."

"Ndiyo maana jana umeingia kwenye meza yangu."

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa hata kutabasamu. Mwenye kibanda akatoka, mwanamume wa makamo mwenye aproni iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi. Hakuja kwangu. Alizunguka upande wa mama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ananidanganya tangu asubuhi. Niambie wewe, gari hili lina nini?"

"Sijui bado, bibi. Anayejua kabla hajaangalia ni mganga."

"Haya. Huyo sasa ni fundi," mama akasema, akafungua mlango ashuke.

Tazama alivyofanya kazi, maana ndilo somo lenyewe. Hakushika spana. Aliegemea gari akaniuliza maswali, moja moja, na alisubiri nimalize kila jibu ingawa nilikuwa nakata maneno.

"Inawaka penye matope au penye lami?"

"Penye lami."

"Ukienda polepole au kasi?"

"Kasi. Na nikipanda kilima."

"Kwenye utelezi wenyewe, huko njia za ndani?"

"Huko haiwaki."

"Basi gari halitelezi," akasema. "Linadhani linateleza. Na sensa?"

"Zimesafishwa wiki hii. Nyaya nzima."

Akatikisa kichwa kukubali. "Haya, swali la mwisho. Kabla taa haijaanza kuwaka, kitu gani kilibadilishwa kwenye gari hili? Nitajie hata kama unaona hakihusiani."

Nikafungua mdomo niseme hakuna. Kisha nikakumbuka.

Nilikuwa nimebadilisha matairi ya nyuma. Nilikueleza jinsi mzazi anavyokubebesha mzigo. Gari letu ni lile la juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lakini springi zake za nyuma ni laini. Kila nilipotoka Bisibo lilirudi limekaa kama kuku anayetaga, bomba la moshi linakwaruza kila tuta. Wachuuzi wa ndizi wa huku kwetu wana dawa yao: pikapu ikilala nyuma, wanaifunga matairi ya nyuma yaliyo makubwa kuliko ya mbele, na mzigo ukipanda gari linakaa sawa. Mtaani wanasema gari limevaa mchuchumio. Nami nikaona wamefanya miaka yote bila shida, nikavalisha langu. Ya zamani nikayaacha stoo nyumbani. Sikuwaza kwamba zile pikapu nyingi ni za zamani, hazina kitu kinachohesabu chochote.

Nilipomweleza, fundi alirudi nyuma hatua kadhaa akalitazama gari kwa ubavu. "Mchuchumio kweli. Madam, una chaki?"

"Mwalimu akose chaki?" mama akajibu kwa niaba yangu.

Fundi aliniambia nisogeze gari mahali tambarare. Akachora mstari chini kabisa ya tairi la mbele, pale linapogusa ardhi, na mwingine chini kabisa ya tairi la nyuma la upande uleule. "Sasa endesha wima, polepole kama unasindikiza mgeni. Mimi natembea pembeni nahesabu alama ya mbele ikigusa chini. Nikisema kumi, simama papo hapo."

Nikaachia breki. Nilimsikia anahesabu, na mama, aliyekuwa amesimama ameshika bega la muuza ndizi, akahesabu naye kwa sauti. Walipofika kumi nikasimama, nikashuka nikiwa nimeegemea mlango.

Alama ya mbele ilikuwa chini, inagusa ardhi. Alama ya nyuma ilikuwa juu, karibu kabisa na kilele cha tairi. Gurudumu la mbele lilikuwa limemaliza mizunguko kumi, na la nyuma lilikuwa bado na karibu nusu mzunguko.

Hilo ni somo la duara ninalolifundisha kila mwaka. Duara kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko dogo, kwa hiyo kwa safari ileile linazunguka mara chache. Kompyuta haijui kuwa nimebadilisha matairi. Inachoona ni miguu ya mbele kuizidi ya nyuma, kilomita baada ya kilomita. Mwendo mdogo inavumilia, mwendo ukizidi inaamini miguu ya mbele inateleza, inaibana breki na kuinyima injini nguvu. Pale kilimani, kila nilipokanyaga mafuta kulikimbia lori, nilikuwa nazidi kuliaminisha gari kwamba tunateleza.

Ungedhani kujua sababu kunapunguza hofu. Kwangu iliongezeka. Mpaka pale nilikuwa naogopa gari. Sasa nilijiogopa mimi, kwa sababu aliyekuwa amemweka mama mbele ya lile bati alikuwa mimi.

"Nibonyeze ile swichi ya kuzima mfumo, niende hivyohivyo?" nikauliza. Ilikuwa saa nne na robo.

"Nguvu ya injini inaweza kurudi," fundi akasema. "Lakini ukikuta utelezi kweli huko msituni, huna wa kukusaidia. Na gari linalovuta miguu yote minne, miguu isipolingana, linajitafuna gia lenyewe. Mimi mama yangu nisingempakia."

Akainama chini ya buti akafungua tairi la akiba. Lilikuwa la kipimo cha zamani, sawa na ya mbele. Alinionyesha kwa kidole namba zilizochongwa ubavuni. Namba hizo ndizo saizi ya tairi, na zinatakiwa zifanane kwenye magurudumu yote manne, hata aina zikitofautiana. "Hili moja. Tunatafuta mwenzake." Akaingia kwenye rundo la matairi yaliyotumika nyuma ya kibanda, akawa anafuta vumbi na kusoma namba, anatupa, anafuta, anasoma. Mimi nilikuwa naangalia saa. Alitupa saba. La nane akalisoma mara mbili, akapima kina cha meno yake kwa kucha, akalivingirisha mpaka kwangu. Namba zilikuwa zilezile.

Kulitoa tairi kubwa kwenye rimu yake na kuingiza hili ni kazi ya nguvu, kwa vyuma na kwa magoti. Akiwa katikati ya kazi akasema, bila kuinua kichwa, "Bibi, tutapunguza mzigo. Nyuma itashuka tena."

"Mihogo yangu?"

"Gunia tu. Na maharage."

"Jicho langu liko mbele huku, mihogo iko nyuma. Inazuia nini?"

"Inalaza gari, bibi. Likilala nyuma, mbele linakuwa jepesi, usukani haushiki vizuri. Hapo kwenye miteremko nataka binti yako ashike barabara."

"Utaila," mama akasema.

"Nitaihifadhi."

"Nimehesabu vipande."

"Gunia zima, bibi?"

"Utajuaje kama sikuhesabu?"

Muuza ndizi alicheka mpaka akashika ubavu. Gunia na debe vikaingia kibandani. Jogoo, mama alikataa kumwacha.

Saa tano na nusu tulikuwa tayari. Nikawasha injini. Taa zote zikawaka, zikazimika moja baada ya nyingine, na ile ya njano ikabaki.

Fundi aliingiza kichwa dirishani. "Usiogope bado. Kompyuta haioni mimi nilivyofunga matairi, mpaka ihesabu yenyewe upya. Nenda wima, mwendo wa wastani, mpaka nyumba za mwisho kabla ya msitu. Simama, zima, washa tena, sogea kidogo. Ikizimika, nenda. Isipozimika, geuza urudi hapa, tutamtafutia bibi gari jingine. Usiingie msituni na taa hiyo."

"Na muda?" nikasema.

"Muda utaukuta ukiwa hai."

Tuliondoka. Mama alifunga mkanda, akageuza uso wake kwangu.

"Ukinidanganya tena nashuka. Taa ya nini hiyo mnayoisema?"

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, pamoja na matairi, pamoja na jinsi nilivyomficha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hivi imewaka?"

"Imewaka."

"Sawa. Usininyamazie."

Basi nikawa namwambia. Imewaka, mama. Bado. Gari halivuti upande. Mlio haupo. Bado imewaka. Nyumba zilianza kuachana, mashamba ya mihogo yakawa madogo, nikaona miti imesimama mbele kama ukuta. Kwenye nyumba ya mwisho nilisimama kando, nikazima. Sikujua nitafanya nini kama ikibaki. Kurudi, kutafuta gari, kumbembeleza dereva, na saa hizo wanafunga vyombo. Nilikaa pale ufunguo ukiwa mkononi, nikaona naogopa kuuzungusha.

"Washa," mama akasema.

Nikawasha. Taa zote zikawaka na zikaanza kuzimika. Ile ya njano ikabaki. Nikasogea, hatua ishirini, thelathini, nikiwa nimekaza macho kwenye kale kagari kadogo mpaka nikasahau barabara. Kisha kakapotea.

"Mama, imezimika."

"Basi tazama mbele."

Tuliingia msituni. Sitakuambia kwamba hofu iliisha. Kila kilima mama aliuliza, "Imewaka?" nami nikajibu, "Haijawaka," na kila lori lililotokea kwenye kioo nilisikia tena ile honi. Kwenye mteremko mmoja mrefu mvua nyepesi ilianza, taa ikapepesa mara mbili kwenye kona yenye tope lililomwagwa na malori, nikataka kulia. Lakini palikuwa panateleza kweli, gurudumu lilikuwa limeshikwa na likaachiwa, na taa ikazimika yenyewe. Nikamwambia mama vilevile, "Imepepesa, nadhani imetusaidia." Akanijibu, "Nadhani nini? Imetusaidia au haikutusaidia?" Nikasema imetusaidia.

Tulifika hospitali saa saba na nusu. Muuguzi alishaita jina la mama mara moja, na alikuwa anakaribia kuliita mara ya pili. Mama aliingia akiwa bado na manyoya ya jogoo kwenye kanga. Mlango ulipofungwa nilikaa chini pale pale kwenye varanda, nikainamisha kichwa. Mlinzi alidhani nimefiwa, akaniletea maji.

Kesho yake walimfungua bandeji. Alinitazama kwa muda, uso wake karibu na wangu, akasema, "Umezeeka, mwanangu." Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyopewa na lile jicho. Gunia tulilifuata wiki iliyofuata, likiwa limejaa vilevile, naye akamtania fundi kwamba vipande viwili havionekani. Yale matairi makubwa niliyatoa kabisa kwenye maisha yangu. Mzigo wa mama sasa naupakia kwa safari mbili, na ananinunia kwa ile ya pili.

Ukiwa na gari la namna hii, na hasa ukiwa umebadilisha matairi hivi karibuni, fanya hivi kabla ya safari. Tafuta mahali tambarare, hakikisha matairi yote yana upepo sawasawa na kipimo cha gari lako, na soma namba ubavuni mwa yote manne zifanane. Chora kwa chaki chini ya tairi la mbele na chini ya tairi la nyuma upande mmoja. Endesha wima polepole, mwenzako ahesabu mizunguko kumi ya tairi la mbele, usimame. Alama zote mbili zikiwa chini, rudia upande wa pili. Alama ya nyuma ikiwa imepishana na ya mbele kwa zaidi ya shubiri moja, usiondoke: badilisha tairi kwanza, na mwambie uliyempakia ni kwa nini mnachelewa.